Nuru Kutoka Chini

Ofisini walimwita Bi Kivuli, naye hakulikataa jina, maana ndiyo kazi iliyomlisha. Alitia vivuli kwenye kurasa za jarida la katuni lililotoka kila Ijumaa. Mwenzake, mwanamume mrefu waliyempachika jina la Mstari, alichora watu na nyumba kwa mistari mitupu. Kisha ukurasa ulimfikia Bi Kivuli kwenye kompyuta, mweupe kama sahani iliyooshwa, akautia uhai.

Asiyejua angedhani kazi ile ni kumwaga weusi tu. "Weusi ni shimo," alipenda kumwambia Mstari. "Kivuli kina rangi yake. Kitazame vizuri utaona zambarau ndani, au bluu, au kahawia. Ukimwaga weusi umemchimbia mtu kaburi usoni."

Kila picha aliianza kwa nukta ndogo ya manjano. Hapo ndipo palipokuwa na taa, au jua, au dirisha. Kisha aliweka tabaka jipya juu ya mchoro, lile linaloacha mistari ya chini ionekane, akapaka vivuli vyenye ukingo mkali kama wa kisu: chini ya kidevu, ubavuni mwa pua, kwenye mikunjo ya shati. Juu yake akaweka tabaka lingine, laini, la kutuliza. Mwisho aliifuta ile nukta. Msomaji hakuijua, lakini macho yake yaliitii.

Siku moja Mhariri, mama mfupi mwenye sauti ya king'ora, aliingia na kusimama katikati ya chumba. "Nataka adui mpya. Bwana Majivu. Nataka watoto wakimwona walifiche jarida chini ya godoro, halafu walitoe tena."

Mstari alichora mwanamume wa makamo, uso wa kawaida kabisa, ungeweza kumkuta kwenye foleni ya benki. "Mimi nimemaliza," alisema. "Utishaji ni idara yako."

Bi Kivuli aliweka nukta ya manjano chini ya kidevu cha yule mtu, kana kwamba taa iko magotini pake. Basi mkono ukaanza kwenda wenyewe. Shavu la kulia lilizama. Ukope wa kushoto ukawa mzito kuliko mwenzake. Kidevuni akaacha kibonyeo, kama mtu aliyebonyezwa kidole akiwa bado udongo. Hakufikiri hata mara moja. Nusu saa haikuisha, Bwana Majivu akawa anamtazama.

Mstari alikuja na vikombe viwili vya chai, akasimama ghafla hadi chai ikamwagika. "Mama yangu! Huyu umemtoa wapi?"

"Kwenye kalamu."

"Basi hiyo kalamu ina mashetani. Igeuzie ukutani."

Walicheka. Jarida lilitoka, na Bwana Majivu akapendwa mno. Barua zikamiminika. Wiki ya tatu mtu mmoja alipiga simu ofisini akauliza ni nani hasa anayetia vivuli, mwanamume au mwanamke. Mhariri akajibu kwa fahari kwamba ni mwanamke, na kwamba hana mfano. Mtu yule akashukuru na kukata simu.

"Umepata mchumba," Mhariri alimtania. Bi Kivuli akatikisa kichwa na kuendelea na kazi.

Alhamisi iliyofuata, Mhariri na Mstari walikwenda kwa mpiga chapa kukagua kurasa. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Bi Kivuli alibaki peke yake. Chumba cha pili Mama Usafi alisikika akiburuta ndoo. Hodi ikapigwa.

Aliyeingia alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati la samawati lililopigwa pasi vizuri, jarida amelikunja kwapani.

"Wewe ndiye fundi wa vivuli?"

"Ndiye mimi. Karibu, kaka."

"Umenitia matatani, dada yangu," alisema huku akicheka. "Kazini siku hizi naitwa Bwana Majivu. Hata mlinzi wa getini ananipigia saluti. Hebu nitazame. Nafanana naye?"

Alimtazama. Mwanga wa dirishani ulimpiga usoni moja kwa moja, na uso ulionyooshwa hivyo na mwanga haukumwambia kitu. Aliona bwana mmoja nadhifu tu. "Hata kidogo," alisema, na alikuwa anasema kweli.

"Basi nichore. Ila bila kivuli hata chembe. Nikaibandike kazini wanione sura yangu halisi."

Ombi lilimchekesha. Alimvutia kiti karibu na dirisha, akafungua ukurasa mtupu, akaanza. Mwanamume alikaa kwa utulivu, mikono magotini. Bi Kivuli alipita kwenye paji la uso, nywele, masikio. Akafika machoni. Ukope wa kushoto ulikuwa mzito kuliko mwenzake.

Kalamu ikapunguza mwendo.

Akashuka kidevuni. Kulikuwa na kibonyeo.

"Huwa mnachukua sura za watu wa kweli?" mwanamume aliuliza.

"Hapana. Tunatunga."

"Hii hamkuitunga." Aliyasema hayo polepole, bila hasira, kama daktari anayemwambia mgonjwa jambo. "Umeishi sehemu gani za mji huu, dada?"

"Huku huku." Hakujua kwa nini anadanganya; alijilazimisha asiinue macho. "Sijawahi kuhama."

"Hujawahi kukaa ghorofani?"

"Naogopa ngazi. Magoti yangu mabovu."

Mwanamume alitoa simu mfukoni, akawasha tochi yake, akailaza gotini mwanga ukielekea juu. Kisha aliinama kidogo mbele, uso ukaingia kwenye ule mwanga. "Na hivi, je? Sasa nafanana naye?"

Hapo ndipo kumbukumbu ilipompiga Bi Kivuli, nzima nzima, kama mlango uliosukumwa na upepo.

Miaka sita nyuma alikuwa akiishi ghorofa ya nne ya jengo moja kuukuu ambalo ngazi zake hazikuwa na dirisha. Umeme ukikatika, mchana uligeuka usiku. Jumamosi moja alasiri alipigiwa simu kwamba mama yake amezidiwa. Akafunga begi, akashuka ngazi gizani akipapasa ukuta. Chini kidogo ya ghorofa ya tatu alimkuta mwanamume amekaa kwenye ngazi, anafunga kamba za kiatu, simu ameilaza miguuni mwanga ukielekea juu. Uso ulionekana unaelea wenyewe. Mwanamume alijivuta ukutani akasema, "Pita, dada." Naye akajibu, "Asante, kaka," akapita mbio, moyo ukimdunda bila sababu.

Alikaa kwa mama yake majuma mawili. Aliporudi aliambiwa kwamba yule fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, mwanamke mpole aliyemshonea mapazia, ameshazikwa. Aliteleza kwenye ngazi gizani, akavunjika shingo. Bi Kivuli alilia, akatoa pole, na mwaka uliofuata akahama. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana siku ile hakuwepo. Wala yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza fundi aliteleza saa ngapi.

Na sasa alielewa kwa nini mtu huyu ameketi mbele yake. Siku ile yeye aliyekuwa na taa ndiye aliyeonekana. Aliyepita alibaki gizani. Kwa miaka sita mtu huyu alijua kwamba kuna mwanamke mmoja duniani aliyemwona pale, asimjue ni nani. Mpaka alipofungua jarida la katuni.

"Nakuuliza, dada."

"Kila mtu anatisha akimulikwa kwa chini," alisema Bi Kivuli. Alishangaa kusikia sauti yake ikitoka kavu lakini imenyooka. "Hata mtoto mchanga. Hiyo ni mbinu ya kwanza tunayofundishwa."

Mkono wake ulitetemeka vibaya. Kilichomwokoa ni ile programu yenyewe, ambayo ilikuwa na namna ya kunyoosha mstari unaoyumba. Kalamu ilirukaruka kama kuku aliyekatwa kichwa, lakini kwenye skrini mstari ulipita mwororo kama nywele. Mwanamume aliitazama skrini, si mkono. Alitazama muda mrefu.

Mlango wa pili ukasukumwa. "Miguu juu, miguu juu!" Mama Usafi aliingia na ndoo na tambara. "Wewe baba, inua hivyo viatu. Watu mnaingia na matope ya mji mzima, halafu mnakaa kama mnapigwa picha ya pasipoti."

Mwanamume akainua miguu. Hakuwa na la kufanya. Mbele ya Mama Usafi hata Mhariri aliinua miguu. Tochi ikazimwa. Bi Kivuli alitamani kumkumbatia yule mama na ndoo yake.

"Imekwisha," alisema. "Nakuchapia."

Mashine ya kuchapa ilikuwa chumba cha mbele. Alisimama, magoti yakiwa maji kweli sasa, akaelekea mlangoni. Mwanamume alikuwa amefika kabla yake. Alijivuta pembeni, mgongo ukutani, akamwachia nafasi nyembamba ya kupita.

"Pita, dada."

Yalikuwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Alikuwa anangoja. Alikuja kutafuta jibu lile la ngazini, na maneno mawili tu yangemtosha. Bi Kivuli aliyahisi yakija yenyewe, kwa adabu ile anayolelewa nayo mtu tangu utotoni, yakafika hadi kwenye meno. Akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, kiganja mdomoni, akapita ameinama, akaendelea kukohoa mpaka kwenye mashine.

"Hilo vumbi!" Mama Usafi alipaza sauti nyuma. "Kila siku nawaambia mfungue dirisha!"

Mwanamume alipokea karatasi yake, akaiangalia. Uso bapa, wa mtu mwema. "Ahsante sana," alisema. "Sasa ifute kwenye mashine."

"Ninaweza kukuhifadhia, ukitaka nyingine..."

"Ifute nikiona."

Akaifuta. Akamwaga na pipa la takataka la kompyuta. Mwanamume alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Nitaendelea kuwasoma," alisema, na akatoka. Viatu vyake vilisikika vikishuka bila haraka.

Bi Kivuli aliingia chini ya meza, akakaa sakafuni, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na kuta tatu. Mama Usafi alimkuta amekumbatia magoti. Alimletea maji, akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akakaa naye sakafuni na tambara lake mkononi mpaka wenzake waliporudi.

Aliwaambia anaumwa, jambo ambalo halikuwa uongo. Nyumbani aliishi na mdogo wake, muuguzi, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya asubuhi. Alimsimulia yote wakiwa wamesimama jikoni. Mdogo wake alimsikiliza, sufuria likiungua jikoni bila mtu kuligusa.

"Dada, una hakika? Si unajua akili inavyoweza kushona kitambaa na kingine?"

"Kuna daftari," Bi Kivuli alisema ghafla.

Tangu akiwa mwanafunzi alitembea na madaftari madogo ya kuchorea, akiandika tarehe kila ukurasa. Yalikuwa kwenye katoni juu ya kabati. Waliyashusha, wakayatandaza kitandani. Saa nzima walifungua miti, mikono, paka, abiria waliolala midomo wazi. Kisha mdogo wake akamgeuzia daftari moja.

Ulikuwa uso. Ulichorwa kwa kalamu ya wino, mistari ikiyumba kwa mtikisiko wa basi. Shavu limezama, ukope wa kushoto mzito, kidevu kina kibonyeo. Pembeni kwa mwandiko wake: *mtu wa ngazini, nuru kutoka chini*. Na tarehe.

Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuuchora.

Mdogo wake alichukua simu, akampigia mama mmoja wa ghorofa ya kwanza ya jengo lile la zamani, ambaye ulimi wake haukuwahi kujua likizo. Alijifanya anauliza habari za nyumba, akazungushazungusha, mwishoni akafika kwa marehemu fundi cherehani. Yule mama alikumbuka siku, mwezi na mwaka, maana ilikuwa Jumamosi waliyompeleka mwanawe shule ya bweni. Fundi alikutwa chini ya ngazi saa kumi na moja jioni, vitambaa vimetawanyika. "Na mumewe masikini hakuwepo. Walikuwa wametengana, lakini alilia huyo! Alikuwa safarini na mwenzake wa kazini, wakamfikia kwa simu."

Tarehe ilikuwa ile ile.

Mdogo wake alikata simu. "Twende polisi."

"Nikaseme nini? Kwamba mtu kaja ofisini, nikamchora, akashukuru akaenda zake? Na jina lake silijui. Nikitoka kituoni nitamkuta nje. Ameshaniona, ameshajua ninapofanya kazi." Alianza kulia. "Na mimi nilikuwa wapi miaka sita? Nikiulizwa, nitasema nini?"

"Utasema hukuulizwa."

Ijumaa hakwenda kazini, wala Jumamosi. Hakufungua mapazia. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimpandisha damu kichwani. Alianza kuogopa hata vivuli vya nyumba yake mwenyewe, yeye aliyevijua kwa rangi zake. Koti lililotundikwa nyuma ya mlango lilimfanya apige kelele, mdogo wake akaja mbio na mwiko.

Jumapili Mstari alikuja kumjulia hali, na machungwa kwenye mfuko. Alipoambiwa yote, hakutoa utani hata mmoja. Alisema tu, "Programu yetu inajiwekea akiba kila baada ya dakika tano. Yeye amekuona ukifuta faili. Akiba inakaa kwingine." Kesho yake saa nne asubuhi aliwatumia picha: uso bapa wa mwanamume mwenye shati la samawati, bila kivuli hata chembe.

Marehemu fundi cherehani alikuwa ameacha binti. Siku zile alikuwa msichana wa kumi na saba; sasa alikuwa na karakana yake ya ushonaji si mbali na jengo la zamani. Bi Kivuli alijitanda mtandio wa mdogo wake, akapitia mitaa mitatu isiyo ya njia yake, akigeuka nyuma kila kona. Alimkuta binti peke yake, midomo imebana pini, anapinda upindo wa vazi la bibi harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huenda hunikumbuki. Nilikuwa jirani yenu, ghorofa ya nne."

Binti alitoa pini mdomoni moja moja. "Wa mapazia ya kijani. Nakukumbuka. Ulisafiri."

Bi Kivuli alimwonyesha picha kwenye simu. "Unamjua huyu?"

"Baba yangu wa kambo," binti alisema mara moja, na sura yake ikafunga. "Umemchorea wapi? Amekutuma?"

"Hakunituma. Niambie, siku ile mama yako alipoanguka, huyu alikuwa wapi?"

"Safarini. Mji mwingine kabisa. Alirudi siku ya pili kwa mazishi." Aliyasema kama mtu anayesoma kitu alichokariri. "Kwa nini?"

Bi Kivuli alilifungua daftari, akaliweka juu ya kitambaa cheupe. Binti alisoma maneno ya pembeni. Akasoma tarehe. Aliweka kidole juu ya tarehe, akakiacha hapo muda mrefu, kama anayezuia isiondoke.

"Alimtisha," alisema mwishowe. "Mama aliniambia anamtisha, anataka arudi kwake. Niliwaambia watu wazima wakati ule. Wakaniambia majonzi yananisemesha." Kisha akainua macho. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Sikujua kuna la kusema, mwanangu. Wallahi sikujua."

Binti alikunja vazi la harusi polepole. Walikubaliana kwenda kituoni Jumatano, kwa kuwa Jumanne binti alipaswa kukabidhi vazi, na bibi harusi hana kosa.

Lakini Jumanne asubuhi, Bi Kivuli aliporudi kazini akiwa katikati ya Mstari na mdogo wake kama mtu mashuhuri, walikuta bahasha imesukumwa chini ya mlango wa ofisi. Haikuwa na jina. Mstari aliifungua.

Ilikuwa ile picha aliyoichapa Alhamisi, mikunjo miwili ikionekana. Mtu alikuwa ameichukua penseli akautia uso ule vivuli. Alivitia vibaya, kwa mkono mzito usiojua kazi, penseli ikitoboa karatasi mahali pengine. Lakini mwanga ulikuwa unatoka chini. Hakukuwa na neno hata moja.

Bi Kivuli akaanza kujiuliza. Amejuaje? Ni kile kikohozi? Au alimfuata hadi kwenye karakana? Akamkumbuka binti, peke yake na pini zake. "Mpigie," alimwambia mdogo wake. "Mpigie yule mtoto sasa hivi afunge mlango."

Simu iliita, iliita. Katika yale mapigo ya simu Bi Kivuli aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kuliko hata mchana ule wa tochi, maana sasa alikuwa anamwogopea mwingine. Mara ya tatu binti akapokea. Alikuwa akiendesha cherehani, hakusikia.

Hawakungoja Jumatano. Mhariri aliwapakia wote kwenye gari lake, akampitia binti na vazi lake, na ile sauti ya king'ora, ambayo ofisi nzima iliichoka, siku hiyo ilifungua milango mitatu ya kituo kwa mfululizo.

Mpelelezi aliyewapokea alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani. Alimsikiliza Bi Kivuli bila kumkatiza. "Katuni si ushahidi," alisema alipomaliza. "Kivuli unaweza kukiweka popote upendapo. Lakini hili daftari sikulitarajia. Na hii bahasha, mtu asiye na neno haileti." Aliipokea kwa kitambaa, akaitia kwenye mfuko. "Leo hulali kwako. Na wewe binti, hali kadhalika."

Walilala kwa dada wa Mhariri majuma mawili, Bi Kivuli, mdogo wake na binti, chumba kimoja. Bi Kivuli hakuwa akipata usingizi. Alisikia kila bomba, kila mbwa. Binti alishona hapo hapo, na siku ya tano ndipo aliposema naye vizuri, akamwomba ampitishie uzi kwenye sindano.

Mwanamume alikamatwa kazini kwake, na mlinzi yule wa saluti alishuhudia. Alikana. Alisema hamjui mchoraji, kisha akaonyeshwa bahasha yenye alama za vidole vyake. Alisema alikuwa safarini, lakini yule mwenzake aliyemtetea miaka sita nyuma alipoitwa mara ya pili na kuonyeshwa daftari, alivunjika, akasema kwamba alisafiri peke yake na kwamba aliombwa amsitiri rafiki aliyekuwa na mambo yake na mwanamke. Hakujua, alisema, na huenda kweli hakujua.

Kesi ilichukua miezi kumi na moja. Bi Kivuli alitoa ushahidi asubuhi moja ya baridi, akiwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili. Wakili wa mshtakiwa alimuuliza atawezaje kumtambua mtu aliyemwona kwa sekunde chache gizani.

"Yeye hakuwa gizani," alijibu. "Mimi ndiye niliyekuwa gizani."

Hakumtazama mshtakiwa, ingawa alijua anatazamwa. Alihisi ule utazamaji shavuni kama joto la jiko. Aliposhuka alikuwa amelowa jasho hadi viatuni.

Siku ya hukumu alikaa benchi la nyuma na binti. Jaji alisoma kwa muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni: kwamba mshtakiwa alimsubiri marehemu kwenye ngazi, kwamba walizozana, kwamba alimsukuma, kwamba alimwacha pale. Ana hatia. Binti hakulia. Alitoa pumzi ndefu, akasimama, akaenda nje kumpigia simu shangazi yake.

Bi Kivuli alidhani hofu ingemtoka saa hiyo hiyo. Haikutoka. Miguu ilikataa kumbeba, na watu wakatoka mmoja mmoja hadi ukumbi ukawa mtupu. Alikuwa bado ameketi wakati askari wa mahakama alipokuja na funguo, akamwambia kwa upole, "Mama, tunafunga. Kama huwezi kusimama, nishike mkono."

Akamshika mkono.